Ukipewa safari moja porini na wale wawindaji wa zamani, ungefuatana na nani?

Swali limetoka kwa kijana wa Ngamiani, Tanga, nalifupisha kidogo: "Shikamoo mzee. Kijiweni kwetu kila jioni tunabishana, hivi ukipewa nafasi ya kurudi nyuma ukawinde na wale magwiji, kina Selous, Bell, Patterson, Roosevelt, ungemchagua nani na mngewinda nini? Halafu mimi naandika hadithi ya kijana wa Pangani anayeingia kwenye msafara wa Selous kuwinda tembo Rufiji mwaka 1905. Huyo kijana angepewa kazi gani hasa na angeona nini? Sitaki wanaojua waje kunicheka."

Marahaba mwanangu, na salamu kwa wote wa hapo kijiweni. Mimi siku hizi niko Bagamoyo ila umri wangu wa kazi umeishia kwenye vitalu vya uwindaji vya kusini nikiwa traka, yaani msoma nyayo, natangulia mbele ya wageni wenye leseni macho yakiwa chini, na hawa wazee unaowataja nimewasoma sana kwa sababu nilitaka kujua kama walichoandika kinafanana na ninachokiona mimi kwenye mchanga. Mengi yanafanana. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu, vumilia.

Jibu la kijiweni chukua kabisa mapema: ningekwenda na Bell, yule Mskoti waliyemwita Karamojo, tukafuate dume la tembo kule Karamoja kaskazini mashariki mwa Uganda, ile miaka kuanzia 1902 alipokuwa anazunguka huko. Ila siku nzima nisingekaa karibu na Bell, ningekaa nyuma ya Pyjalé. Huyo Pyjalé ni Mkaramojong, ndiye aliyekuwa anamsomea nyayo na kumwonesha nchi, na Bell mwenyewe kamwandika kwa jina na kwa heshima, kitu ambacho wengi wao hawakufanya. Ukiniuliza mimi uwindaji uko wapi nitakwambia uko kwa Pyjalé, risasi ni ya dakika moja tu mwishoni na kabla yake kuna masaa nane ya mtu mwingine kufanya kazi.

Sasa ngoja kwanza ninyooshe hadithi yako maana hapo pana shida kubwa. Selous hakuwinda tembo Rufiji mwaka 1905, na wala jina lake hakulipatia huku kwetu. Najua karibu kila mtu anaamini hivyo kwa sababu pori lilibeba jina lake, hata wageni niliokuwa natembea nao walikuwa wanaamini. Frederick Courteney Selous alizaliwa London 1851, akashuka Afrika Kusini 1871 ana miaka 19, akaenda mpaka kwa Lobengula mfalme wa Wandebele kuomba ruhusa ya kuwinda tembo, na mfalme akamcheka kwa udogo wake. Sifa zake zote za tembo ni za huko, nchi ambayo leo ni Zimbabwe na majirani zake. Hapa kwetu alikuja na sare ya jeshi akiwa mzee wa miaka sitini na kitu, kwenye kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers cha Waingereza, kupigana na Wajerumani, na tarehe 4 Januari 1917 mdunguaji akampiga risasi pale Beho Beho akafa, wakamzika hukohuko chini ya mkwaju, kaburi lipo mpaka leo. Pori likapewa jina lake 1922, na tangu 2019 sehemu yake kubwa ndiyo Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Na huo mwaka 1905 wenyewe umeuchagua vibaya mno kwa hadithi ya kuwinda. Julai ya mwaka huo Wamatumbi wameanzisha Maji Maji, na vita ikasambaa kusini yote mpaka Ungoni, halafu Wajerumani wakachoma vijiji na maghala ya chakula na njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Kijana wako hawezi kupita hapo na msafara wa pembe za ndovu anaimba. Ama hadithi iwe ya vita, ama usogeze mwaka. Mimi ningesogeza mpaka 1909 au 1910 na Selous ningemtoa nikamweka James Sutherland, maana huyo ndiye hasa aliyewinda tembo kusini ya koloni la Wajerumani kabla ya Vita ya Kwanza, tena kwa miaka mingi, na bunduki ya mitutu miwili kaliba .577 (ndiyo upana wa tundu la mtutu kwa inchi). Huyo ndiye gwiji wa kwetu na kijiweni kwenu sijaona kama kuna aliyemtaja.

Haya, tuje kwa kijana wa Pangani.

Cha kwanza elewa kwa nini watu walikuwa wengi hivyo kwenye msafara mmoja. Ni ndorobo, yule inzi anayeua mifugo. Kuanzia hapa pwani ukiingia bara unakutana na mapori ya ndorobo, farasi anakufa, ng'ombe wa kukokota mkokoteni anakufa, punda naye hamalizi safari, kwa hiyo kila kitu kinakwenda kichwani na begani kwa mtu. Ndiyo maana Bagamoyo ilikuwa Bagamoyo. Wanyamwezi walikuwa wanashuka hapa na pembe, wanarudi bara na nguo na shanga na nyaya za shaba, na mfanyabiashara kama Sewa Haji Paroo alikuwa kazi yake kubwa ni kuwatafutia wasafiri wapagazi na bidhaa, Stanley naye alihudumiwa na mzee huyo. Sewa Haji alifariki 1897 kwa hiyo kwenye hadithi yako ya 1909 usimweke hai, ila jina lake bado linatajwa, wodi pale Muhimbili inaitwa kwa jina lake. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na ushee, na juu ya hapo ana mkeka wake, chungu chake na posho yake mwenyewe.

Msafara una vyeo vyake. Mbele kabisa kirongozi, nyuma au pembeni wanyapara wanaohesabu watu na mizigo, kuna askari wenye bunduki za kulinda kambi, kuna mpishi na msaidizi wake, kuna boi wa hema, kuna wachunaji wa ngozi, na juu ya hao wote kwa heshima wako wabeba bunduki. Kijana wa Pangani asiyejulikana na mtu angeanza na mzigo, asingeanza na bunduki. Ukimpa bunduki sura ya kwanza wanaojua watakucheka kweli. Mpandishe pole pole, mpagazi ameumwa, boi wa hema katoroka, mbeba bunduki wa pili kapata homa, hapo ndo anaitwa.

Na akishaitwa ndipo hadithi yako inapokuwa nzito, maana ile kazi watu hawaifikirii vizuri. Mbeba bunduki anatembea hatua mbili tatu nyuma ya mwindaji, ameshika bunduki ya pili imejaa risasi, na amri ni moja tu, usipige. Mwindaji akimaliza zake mbili anarudisha mkono nyuma bila kugeuka, na ile bunduki ya pili iwe kiganjani mwake hapohapo, kitako kimekaa sawa. Sasa wewe fikiri, mbogo aliyejeruhiwa anatoka kichakani anakuja, uko hatua tatu nyuma, silaha iko mikononi mwako wewe, inafanya kazi, na wewe kazi yako ni kusimama wima umpe mwenzako. Wawindaji wengi wameandika kwa hasira kuhusu wabeba bunduki waliokimbia. Sawa, wengine walikimbia. Lakini mimi nimesimama kwenye hiyo nafasi na nasema wanaotakiwa kuhesabiwa ni wale ambao hawakukimbia, na ni wengi, maana bila hao hawa magwiji wote wangekufa vijana.

Roosevelt alipokuja 1909 akiwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, wabeba bunduki wake walikuwa Muhamed na Bakari. Majina hayo, basi, ukoo haumo, kijiji hakimo. Arthur Neumann, mwindaji wa tembo wa miaka ya 1890 upande wa ziwa Turkana, alikuwa na kijana wake Shebane aliyekuwa anamhudumia kambini, na siku ya mwaka mpya 1896 mamba alimchukua Shebane mtoni Neumann akiwa hapohapo anaangalia, na alihuzunika sana, aliandika wazi. Hata Selous mwenyewe, unajua nani alimfundisha kuwinda tembo kwa miguu? Ni mtu mmoja Mkhoikhoi anaitwa Cigar, zamani alikuwa mpanda farasi wa mashindano, huyo ndiye alimshika mkono Selous akiwa hajui kitu. Kwa hiyo kijana wako asiwe wa kuambiwa tu beba, shika, kimbia. Hawa watu ndio waliokuwa wanafundisha.

Sasa nikupeleke siku moja na Bell na Pyjalé kama ninavyoiona mimi, utachukua kinachokufaa.

Mnaamka giza, hakuna chai ndefu. Jana yake kuna mtu kaleta habari ya madume, maana Bell alikuwa na utaratibu wa kutoa ng'ombe kwa anayeleta habari za kweli za tembo, na kwa watu wafugaji kama Wakaramojong hiyo ilikuwa bei inayomfanya mtu akimbie usiku kucha. Mnafika kwenye maji waliyokunywa usiku. Hapo Pyjalé anaanza kazi, na hapo ningetaka muda usimame kabisa.

Unyayo wa mbele wa tembo ni wa duara, wa nyuma umechongoka kidogo, mrefu. Ukiuzungushia kamba ule wa mbele ukapata mzunguko wake, ukizidisha mara mbili umepata urefu wa mnyama mpaka begani, hiyo hesabu haikosei sana hata leo. Dume mzee kisigino kimelika, mistari ya chini imefutika, anaacha alama laini na anaburuza kidogo. Kama umande umeanguka juu ya unyayo basi kapita kabla ya alfajiri, kama unyayo umefuta umande uko karibu naye. Mavi unayapasua unaingiza kidole, joto la ndani linakwambia masaa. Majani aliyovunja yamenyauka au bado mabichi, gome alilotafuna na kutema lina mate au limekauka. Na kuna alama moja ambayo mtu akiiona moyo unaruka, pale alipoegemea kichuguu kusinzia unakuta pembe zake zimechimba vishimo kwenye udongo, ukipima unene wa kishimo umeshapima pembe kabla hujamwona mwenye pembe.

Halafu ni kutembea tu. Tembo akitembea zake taratibu wewe unakwenda mbio mbio, jua linapanda, kibuyu kinapungua, na hakuna anayeongea. Mchana wa saa sita saba madume yanasimama kivulini, hapo ndipo mnapoyapata, na mara nyingi unayasikia kabla ya kuyaona, masikio yanapiga mabega, tumbo linanguruma. Macho ya tembo si makali lakini pua yake ni balaa, kwa hiyo kuanzia hapo upepo ndo kila kitu, unachukua vumbi au majivu kidogo unaachia uone yanaelekea wapi, ukibadilika mnarudi nyuma mnazunguka upya hata kama ni nusu saa. Nimewahi kuona wageni wanakasirika kwa kurudishwa nyuma. Bell hakuwa mtu wa kukasirikia upepo, na hiyo ni sababu nyingine ya kumtaka.

Mkishafika karibu, hatua 30, saa nyingine chini ya hapo, Bell ananyanyua bunduki ambayo wenzake walikuwa wanapigia swala. Rigby kaliba .275, risasi yake ina gramu 11 hivi. Linganisha na Selous kijana aliyekuwa anabeba gobore kubwa waliloliita four bore, risasi moja ya duara ina zaidi ya gramu 110, baruti anachota kwa mkono kutoka kwenye mfuko wa ngozi ubavuni huku anakimbia, na siku moja kwenye purukushani mbeba bunduki akashindilia mara mbili bila kujua, Selous akafyatua, ikamnyanyua hewani ikamtupa kifudifudi, kitako kikapasuka na uso ukajaa damu. Mara kumi ya uzito wa risasi ya Bell, na bado Bell aliua kwa uhakika zaidi. Kwa nini?

Kwa sababu alisoma kichwa cha tembo. Alichukua mafuvu akayakata kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi. Kichwa kile kikubwa sehemu kubwa ni mfupa wenye matundu matundu kama sifongo, ubongo wenyewe una kilo 5 hivi tu na umejificha nyuma kabisa, katikati ya matundu mawili ya masikio. Kutoka ubavuni ukipita mbele kidogo ya tundu la sikio umeupata. Kutoka mbele inategemea ameinua kichwa au ameinamisha, hapo ndipo watu wengi waliuawa. Bell akajifunza mpaka kumpiga anayekimbia kutoka nyuma kwa pembeni. Risasi ndefu nyembamba yenye ganda gumu inakwenda moja kwa moja haipindi, na bunduki isiyorusha bega inamwacha apige ya pili na ya tatu kabla wengine hawajajua kelele imetoka wapi. Kwenye manyasi marefu alikuwa anapanda juu ya tembo aliyekwisha kuanguka ili awaone waliobaki.

Lakini usimpe shujaa wako .275 kwa sababu umesoma hapa. Ile bunduki ndogo ilikuwa inamfaa mtu mwenye mkono usiotetemeka na jicho la pekee, ukikosa ubongo umemkasirisha tu. Sutherland na ile .577 yake, risasi ya karibu gramu 49, alikuwa anajua kwamba hata akikosa kidogo mnyama atayumba na yeye atapata sekunde za kufyatua mtutu wa pili. Vitalu vyetu vya leo viko upande wa Sutherland kwenye hilo, mgeni anayetaka mbogo haingii na chini ya .375, na mimi nakubaliana na hiyo sheria moyo wote.

Nirudi kwa wengine uliowataja, kwa haraka. Patterson na wale simba wawili wa Tsavo kule Kenya, wasio na manyoya ya shingoni, aliwaua tarehe 9 na 29 Desemba 1898, leo wako makumbusho ya Field kule Chicago, habari yake kila mtu anaijua na mimi nisingeenda naye kwa sababu ilikuwa ni kukaa juu ya jukwaa usiku na kusubiri. Kwa simba wala watu ningemfuata George Rushby, bwana nyama, yaani ofisa wanyamapori, aliyewamaliza simba wa Njombe mwaka 1947 baada ya miaka kama kumi na tano ya maafa, idadi ya waliokufa inayotajwa mara nyingi ni 1,500, na wanakijiji walikuwa wanaogopa hata kuwataja kwa sababu waliamini ni simba wa kutumwa na mganga. Hapo kuna hadithi mwanangu, kama ukimaliza hii. Roosevelt sitaki, kambi yake ilikuwa kubwa mno, wapagazi zaidi ya 200, na yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 kwa ajili ya makumbusho na kwa raha zao, mimi huko nisingepata nafasi ya kusikiliza hata tumbo la tembo.

Wa Tanga mnaye mmoja ambaye nashangaa hamumtaji. Carl Georg Schillings, Mjerumani, aliyepita bonde la mto wenu wa Pangani na kuzunguka nyika ya Umasai na Kilimanjaro, alikuja kama mwindaji akaishia kuvizia na kamera. Anaweka mashine usiku karibu na maji, anatumia unga wa magnesiamu unaolipuka mwanga, na akapata picha za simba na pundamilia gizani ambazo dunia haikuwahi kuona, kitabu chake kilitoka 1905. Mizigo ya vioo vya picha na kemikali ilibebwa na wapagazi hivyohivyo kichwani, na ukianguka nayo hakuna cha kurekebisha. Kama kijana wako ni wa Pangani kweli basi huyu ndiye anayemfaa kuliko wote, na mwaka wala hautakusumbua sana, 1903 au 1904 unakaa sawa, na safari inaanzia mlangoni kwao.

Sasa kuna watu ambao kijiweni hamkuwataja kabisa na mimi naumia wakiachwa. Pembe kubwa kuliko zote zinazojulikana duniani, kilo 100 hivi kila moja, ziko makumbusho London, na zilitoka kwa tembo mmoja wa mteremko wa Kilimanjaro mwaka 1898 zikauzwa Zanzibar. Aliyempiga, inavyosimuliwa, anaitwa Senoussi, mtumwa wa mfanyabiashara wa pembe aitwaye Shundi. Mtumwa, mwanangu. Bell na Selous na Sutherland hawakuwahi kushika pembe za namna hiyo maisha yao yote. Kuna Wamakua wa kusini waliojulikana kwa kuwinda tembo na magobore, walikuwa wanaingia bara mpaka Ugogo na Ukimbu. Kuna Wata wa nyika ya Tsavo na pinde zao nzito ambazo wanaume wengi wenye nguvu hawawezi hata kuzivuta, mshale mmoja wenye sumu ukipita mahali pake tembo hafiki mbali, na hao miaka ya 1956 na 1957 walikamatwa na kufungwa kwa ujangili, wakati mwenye leseni anapiga tembo huyohuyo na kupigwa picha. Kama kweli ni ndoto na naruhusiwa kumchagua yeyote, nafasi ya pili baada ya Pyjalé nampa Mwata mzee mwenye upinde.

Najua kijiweni kutakuwa na mtu atasema hawa wote ni wauaji tu. Bell kahesabu mwenyewe tembo 1,011, karibu wote madume. Sitamtetea kwa hilo. Mimi nimefuata nyayo kwenye hilo pori la Selous ambalo miaka ya sabini lilikuwa na tembo zaidi ya 100,000 na kufika 2013 wamehesabiwa kama 13,000, na nimekuta mizoga imekatwa uso kwa shoka, kwa hiyo idadi kwangu ni vitu ninavyovijua kwa harufu. Ila nataka ujue pia kwamba hata wakati ule walikuwepo walioona hatari, Wissmann alipokuwa gavana wa Wajerumani hapa kwetu alitoa sheria ya wanyamapori 1896 na kutenga mapori mawili ya kwanza, moja upande wa Kilimanjaro na moja upande wa Rufiji, sheria ambayo kwa upande mwingine ilimgeuza mwananchi aliyewinda kwa babu yake kuwa jangili kwenye shamba lake mwenyewe. Kijana wako awe na mjomba aliyekamatwa kwa hilo. Hapo msomaji atamwelewa kwa nini anakubali kubeba bunduki ya mzungu, ni njia pekee iliyobaki ya kuwa porini bila kufungwa.

Vitu vidogo vya kurekebisha: usiandike masika kwa safari ya tembo, mito imejaa na manyasi yamemzidi mtu urefu, andika kiangazi kuanzia Julai, manyasi yameungua na maji yamebaki machache kwa hiyo nyayo zinajikusanya. Weka upupu. Weka ndorobo wanaouma juu ya nguo. Weka nyama, maana siku tembo ameanguka kambi nzima haitembei tena, watu wanakata, wanabanika, wanagombania mafuta, na habari imeshafika vijiji vyote hata kabla moshi haujapanda. Pembe hazing'olewi hapohapo, ama unazichonga kwa shoka pole pole mtu mwenye mkono wa uhakika, ama unasubiri siku kadhaa zilegee zenyewe, na anayepewa shoka ni mtu anayeaminika kwa sababu kovu moja kwenye pembe linashusha bei.

Na kabla hujaandika zaidi njoo huku. Waja leo warudi leo ni ya Tanga lakini Bagamoyo utalala siku mbili, nitakuonesha Karavanserai walipokuwa wanafikia wapagazi, halafu tuvuke Wami twende Saadani, kule tembo wanafika karibu na bahari na ukibahatika unyayo unaupata kwenye mchanga wenyewe wa pwani. Tutamwomba askari wa hifadhi aje na sisi. Chukua kamba, upime wa mbele, uzidishe mara mbili, uniambie begani kafika wapi.